Nilifunga Otopailoti Mtwapa, Nikawaelewa Mabaharia wa 1923

Wasee, hii posti nimeiandika mara nne na kuifuta mara tatu. Ya kwanza ilitoka kama maelekezo ya kufunga mashine. Ya pili na ya tatu zikawa za kujihurumia tu. Hii ya nne nimeamua iwe ya historia, kwa sababu kile kitu kilichonisumbua Mtwapa Oktoba iliyopita kilianza zamani sana, na hakikuanzia kwetu.

Kwa walio wapya hapa: niliacha uhandisi chuoni mwaka wa tatu. Karo ilichangia, lakini wacha nisiwadanganye, kuna somo nililifeli mara mbili. Linaitwa mifumo ya udhibiti. Somo zima ni herufi za Kigiriki na visanduku vyenye mishale inayorudi ilikotoka. Mhadhiri anaandika ubaoni ametugeuzia mgongo, sisi tunapiga ubao picha. Hadi leo nina picha zaidi ya mia mbili za ule ubao kwa simu, na hakuna hata moja niliyowahi kuielewa.

Nikarudi Kayole, nikaanza kuwaandikia nyinyi, na pesa ikikauka nashuka Pwani kwa mjomba. Mjomba ni fundi wa boti. Oktoba kulikuwa na boti moja pale kriki ya Mtwapa, futi 28, mashine mbili nyuma, inayopeleka wageni kurambaza sulisuli na jodari msimu wa kaskazi. Mwenyewe alikuwa ameagiza otopailoti ya haidroliki. Mjomba akanipigia: "Mwanangu, wewe si ulisomea mambo ya waya? Njoo unishikie tochi."

Siku ya kwanza nilishika tochi. Siku ya pili nikashika spana.

Kabla sijawapeleka mbali, elewa kwanza boti ndogo inavyokatwa kona. Ukiizungusha gurudumu la usukani, hakuna kamba wala mnyororo unaovuta mashine kule nyuma. Nyuma ya gurudumu kuna pampu ndogo ya mkono. Inasukuma mafuta kwenye mpira mmoja kati ya miwili, mafuta yanafika kwa silinda iliyofungwa kwa mashine, fimbo ya silinda inasogea, mashine inageuka. Zungusha upande wa pili, mafuta yanapita mpira wa pili. Kama unajua usukani wa pawa wa matatu, au breki, uko karibu sana.

Otopailoti inaongeza vitu vinne tu. Dira ya umeme inayojua boti imeelekea wapi. Kihisi kinachojua mashine imegeuka kiasi gani. Kompyuta ndogo. Na pampu ya pili, ya umeme, inayoweza kuzunguka pande zote mbili, ambayo tunaichomekea kwenye ile mipira miwili kwa viungo vya njia tatu. Hiyo pampu lazima ilingane na silinda. Ikiwa ndogo, usukani unachelewa kila wakati. Ikiwa kubwa, unarukaruka. Mjomba alikaa na kikokotoo na kalamu ya kuandikia mbao akipima ujazo wa silinda kabla hatujakata mpira hata mmoja, na mimi mwenye miaka mitatu ya chuo nikawa namtazama tu.

Nahodha wa boti hiyo ni mzee wa Lamu, maneno machache. Akija asubuhi namwamkia shikamoo, anajibu marahaba, kisha anakaa kwenye boya la zamani pale nchani na kutuangalia. Na kulikuwa na mabaharia wawili vijana. Mmoja kazi yake ni mishipi na chambo. Mwingine, rika langu kabisa, kazi yake ni kushika usukani wakati wa kurambaza, saa sita, saa nane, boti ikienda polepole kwa mwelekeo mmoja huku nahodha akisoma maji na ndege. Siku ya pili mwenye boti alipita kuangalia kazi, akafurahi, akasema hivi mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida tu: "Basi msimu huu tutatoka na kijana mmoja, si wawili."

Mimi ndiye nilikuwa na spana mkononi. Baharia hakusema kitu. Alinisogezea kopo la mafuta niliyokuwa nikiyatafuta.

Hapo ndipo usiku nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani alianza hii kitu.

Nguvu ya haidroliki ni ya zamani. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya ubunifu ya shinikizo la maji mwaka 1795, na wazo lake ni lile lile lililo ndani ya breki ya boda: maji hayabonyei, ukiyasukuma hapa yatasukuma kule. Miaka mingi watu walitumia maji, yakigandisha mabomba wakati wa baridi na kuyala kwa kutu. Mwaka 1906 meli ya vita ya Marekani USS Virginia iliwekewa mfumo wa mafuta wa kuinua na kushusha mizinga. Kwa hiyo ule mpira niliokuwa naukata Mtwapa, ukoo wake ni wa mizinga. Manze.

Lakini nguvu peke yake haijui pa kwenda. Tatizo la usukani lilianza meli zilipokuwa kubwa kuliko mikono. Great Eastern, iliyoingia majini 1858, ilikuwa na urefu wa mita 211, meli kubwa kuliko zote za wakati wake, na dhoruba ya 1861 iliuvunja usukani wake kwenye Atlantiki. Mhandisi John McFarlane Gray akaifungia mashine ya mvuke ya usukani katika miaka hiyo ya 1860, na humo ndani kulikuwa na ujanja mmoja: mtu anazungusha gurudumu dogo, mvuke unasukuma usukani mkubwa, na usukani ukifika pale mtu alipotaka, wenyewe unaufunga mvuke. Mashine inaangalia ilichofanya na kujizuia. Mfaransa Joseph Farcot akaandika kitabu kizima kuhusu mashine za namna hii mwaka 1873 na akazipa jina, servo-moteur, injini mtumwa. Ndiyo ile "servo" mnayoisikia kwa droni.

Na ndiyo, ule mshale unaorudi ilikotoka kwenye picha zangu mia mbili. Hakuna aliyeniambia kwamba unatoka kwenye meli.

Kilichobaki ni macho. Dira ya kawaida ya sumaku haifai sana ndani ya meli ya chuma. Aliyelitatua hilo ni Mjerumani Hermann Anschütz-Kaempfe, ambaye hakuwa mhandisi hata kidogo. Alianza na udaktari, akamalizia na historia ya sanaa. Alitaka kwenda Ncha ya Kaskazini kwa nyambizi, chini ya barafu, na akagundua kwamba ndani ya chuma sumaku ingemdanganya, kwa hivyo akatengeneza dira ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, jairoskopu, ikajaribiwa kwenye meli ya vita ya Deutschland mwaka 1908. Huko Ncha ya Kaskazini hakufika. Wakati huo huo Elmer Sperry wa New York alitengeneza yake, Jeshi la Wanamaji la Marekani likaijaribu 1911, na kesi ikafuata. Mtaalamu aliyeitwa kuisaidia mahakama ya Berlin katika ugomvi huo alikuwa Albert Einstein. Mjue hivyo mkiambiwa Einstein alikuwa mtu wa nywele na nadharia tu.

Mtoto wa Sperry, Lawrence, ndiye angekuwa na wafuasi wengi kuliko sisi sote. Tarehe 18 Juni 1914, karibu na Paris, juu ya mto Seine, alipitisha ndege yake mbele ya majaji akiwa amesimama na mikono yote juu, na fundi wake akatembea juu ya bawa. Jairoskopu ikaisawazisha ndege peke yake. Alikuwa na miaka 21. Desemba 1923 alianguka kwenye bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, akafa na miaka 30.

Baba yake alibaki na meli. Miaka ya mwanzo ya 1920 alianza kuuza otopailoti ya meli za biashara, na mabaharia wakaipa jina la Metal Mike, yaani Mike wa chuma. Napenda hapo. Walipolazimishwa kukaa zamu na mashine, waliipa jina la mtu.

Sasa tufike kwa msee wangu.

Nicolas Minorsky alizaliwa Urusi mwaka 1885 kwenye mji mdogo wa Korcheva kando ya Volga, mji ambao siku hizi uko chini ya maji ya bwawa. Alikuwa mwanamaji wa mfalme wa Urusi. Mapinduzi yakaja, akahamia Marekani 1918, akafanya kazi na Charles Steinmetz kule General Electric. Mwaka 1922 alichapisha makala kwenye jarida la wahandisi wa jeshi la majini la Marekani kuhusu kuendesha meli bila mkono wa mtu. Makala hiyo ndiyo baba wa lile somo nililolifeli. Kila kitu kinachoitwa PID leo, kwenye friji za viwandani, droni, printa za 3D, lifti, mizizi yake iko pale.

Alichofanya ni rahisi kukieleza. Aliwatazama washika usukani wazoefu na kujiuliza, hawa wanafanya nini hasa? Akaona mshika usukani mzuri anafuata mambo matatu kwa wakati mmoja. Anaangalia meli imetoka kwenye njia kiasi gani sasa hivi. Anahisi inageuka kwa kasi gani, ili ajue itakuwa wapi muda mfupi ujao. Na anakumbuka imekuwa ikivutwa upande gani kwa muda mrefu, na upepo au mkondo, ili awe na kiasi fulani cha usukani anachokishikilia kila wakati. Sasa, kesho, jana. Minorsky akayaandika hayo matatu kwa hesabu.

Nilisoma hilo saa nane usiku kwenye kitanda cha kamba kwa mjomba, mbu wakinila, na nikakasirika kweli. Miaka miwili nilikuwa naambiwa nikariri hizo herufi tatu, P na I na D, na hakuna mtu aliyewahi kusema: ni mzee na gurudumu.

Siku ya nne tukatoka nje ya mwamba kuijaribu. Kriki ilikuwa tulivu, tuliizungusha boti mizunguko mipana ili dira ijifunze, kila kitu shwari. Tukatoka, nikabonyeza kitufe, boti ikaanza kucheza nyoka. Kushoto, kulia, kushoto zaidi, kulia zaidi. Mjomba akaniangalia vile watu huangalia mtoto wa dada yao.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Ukikata mipira ya haidroliki unaingiza hewa, na hewa, tofauti na mafuta, inabonyea. Pampu inasukuma, hewa inajikunja kwanza, mashine inachelewa, kompyuta inadhani haijasukuma vya kutosha na kuongeza, halafu yote yanafika pamoja. Kutoa hewa kunataka watu wawili na subira: mmoja anazungusha gurudumu polepole huku mafuta yakiongezwa juu, mwingine yuko nyuma na spana anafungua nati ya silinda kidogo, mpira mwembamba wa kuonekana ndani umeingia kwenye chupa, na unaangalia mapovu hadi yaishe. Kisha upande wa pili. Nilikuwa nimeharakisha upande wa pili. Njaa.

Tukarudi, tukatoa hewa upya. Aliyezungusha gurudumu alikuwa yule baharia. Sikumwomba, alipanda tu. Ana mkono mzuri sana, mwepesi, hakuniletea povu moja la ghafla.

Tukatoka tena. Nyoka akapungua lakini hakuisha. Hapo yule nahodha, ambaye kwa siku nne alikuwa hajatoa maoni yoyote, akasimama nyuma yangu akaangalia mashine zinavyogeuka, akasema: "Hii haijui kurudisha."

Nikamuuliza, kurudisha vipi, mzee?

"Omo ikianza kuja, wewe rudisha usukani. Usingoje ifike. Ukingoja ifike, ishapita." Akamwonyesha yule kijana kwa kidevu. "Huyu mwaka wa kwanza alikuwa vivyo hivyo. Anafukuza dira."

Kwa menyu ya ile kompyuta kuna kipimo cha usukani wa kukabili. Kilikuwa chini, vile kilivyotoka kiwandani. Hiyo ndiyo D. Hiyo ndiyo herufi ya tatu, ile ya kesho. Nikapandisha hatua moja, nikangoja, nikapandisha nyingine. Boti ikatulia. Nyuma yetu povu likawa mstari mmoja mnyoofu hadi karibu na mwamba, na mimi, wasee, nililengwalengwa na machozi, nikasema ni chumvi.

Minorsky alipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1923 alijaribu mashine yake kwenye USS New Mexico, meli ya vita ya tani zaidi ya 30,000. Bila kile kipande cha kuhisi kasi ya kugeuka, meli iliyumba ndani ya digrii 2. Walipokiongeza, ikashuka hadi sehemu moja ya sita ya digrii. Hiyo ilishinda karibu kila mshika usukani aliye hai. Hesabu imethibitishwa, mashine inafanya kazi, mambo kwisha.

Jeshi la Wanamaji halikuichukua. Sababu inayotajwa ni moja: wanamaji waliokuwa wakifanya kazi baharini waliipinga vikali. Minorsky baadaye akaiuzia kampuni ya Bendix haki zake, na wazo lake likakaa miaka kadhaa kabla ya viwanda kuligundua tena.

Ukisoma simulizi hiyo kwenye mitandao ya wahandisi inasimuliwa kama kichekesho. Fundi mwerevu, mabaharia wajinga, maendeleo yamechelewa. Mimi pia ningeisimulia hivyo miaka miwili iliyopita, na emoji ya kucheka juu. Lakini sasa nimeona uso wa mtu akisikia "kijana mmoja, si wawili," na siwezi tena. Fikiria umekaa zamu zako gurudumuni miaka, mtu mwenye daftari amesimama nyuma yako akiandika mikono yako inavyokwenda. Hujui anaandika nini. Halafu siku moja anarudi na sanduku, na ndani ya sanduku ni mikono yako. Nani angesaini?

Sisemi walikuwa sahihi kwa kila kitu. Kushika usukani saa nne mfululizo kunachosha, na mtu aliyechoka huua watu. Hata wanaosafiri peke yao wanaihitaji: mwaka 1960 katika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, Francis Chichester alishinda kwa siku 40 akiwa na usukani unaoendeshwa na upepo, bila umeme hata kidogo, na bila kitu kama hicho asingepata usingizi. Halafu miaka ya 1970 elektroniki zikapungua bei na boti ndogo zikaanza kupata zao. Hiyo hadithi ni ya kibiashara tu, tuiruke.

Lakini kuna kitu wale wa New Mexico walikinusa ambacho hesabu haikuwa nacho. Nilimsimulia nahodha usiku huo, tukila mihogo ya kukaanga pale nchani, hadithi ya Torrey Canyon.

Tarehe 18 Machi 1967. Meli ya mafuta, imebeba takriban tani 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait, inaelekea Milford Haven kule Wales. Ina haraka, kwa sababu ikikosa maji kujaa itangoja siku kadhaa nje. Nahodha wake, Mtaliano Pastrengo Rugiati, anaamua kupita karibu na visiwa vya Scilly, na mbele yake kuna miamba inaitwa Seven Stones. Meli iko kwenye otopailoti. Karibu na mwamba anaamuru kukata kona. Mshika usukani anazungusha gurudumu. Hakuna kinachotokea. Anazungusha tena, meli inaenda vile vile moja kwa moja. Dakika zinapita kabla ya kugundua kwamba wenzo wa kuchagua, ule wa kubadilisha kati ya mashine na mkono, hauko pale unapotakiwa. Gurudumu alilolishika halikuwa limeunganishwa na kitu chochote. Wakairekebisha, wakageuza, wakachelewa. Mafuta yalimwagika hadi fuo za Uingereza na Ufaransa, na mwishowe serikali ya Uingereza ikatuma ndege za kivita kuilipua meli yenyewe.

Nahodha alitafuna muhogo wake kwa muda. Kisha akauliza swali moja tu: "Na hii yenu?"

Nikafurahi, kwa sababu hilo nililijua. Kwenye boti ndogo ile pampu ya umeme haichukui nafasi ya gurudumu. Inakaa pembeni yake kwenye mipira ile ile. Ukilishika gurudumu na kulizungusha, mafuta yako yanaenda kwa silinda, mashine ya umeme ipende isipende. Ndani ya pampu ya mkono kuna vali zinazozuia mafuta kurudi, kwa hivyo otopailoti haiwezi kulizungusha gurudumu lako, lakini wewe hujafungiwa nje. Asubuhi nikamwonyesha, otopailoti ikiwa imewashwa. Akalizungusha robo, boti ikaitika, kitu kikaanza kupiga kelele kwenye skrini. Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu nifike.

Halafu akaenda kwa mwenye boti. Sikuwepo, mjomba ndiye alinisimulia. Alimwambia samaki akishika, mashine haijui kurudi nyuma kumfuata, haijui kumweka mgeni upande wa jua ama wa kivuli, haijui mshipi ukipita chini ya boti. Mtu mmoja nyuma hawezi kuwa kwenye mishipi na kwenye usukani. Alisema yeye na kijana mmoja hatoki. Mwenye boti akajibu watoke wote wawili hadi Desemba, kisha "tuone."

Yule baharia hajawahi kunilaumu. Siku ya mwisho aliniuliza kama naweza kumwonyesha ile kazi ya kutoa hewa mwanzo hadi mwisho, na vile mjomba alivyopima silinda. Tulikaa kwenye ngazi ya nchani nikamchorea visanduku na mishale inayorudi, kwa mkaa, juu ya boksi la otopailoti. Hakuhitaji maelezo mengi. Nilipofika kwa D akasema, "Aah, kukabili," akaendelea mbele yangu.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia. Kuna boti nyingine Kilifi, kubwa kidogo, inataka otopailoti kabla ya kusi. Nikamwambia nakuja. Akasema tochi tayari ina mtu, yule kijana, lakini anahitaji mkono wa spana. Nikamuuliza hiyo boti ya Kilifi ina mabaharia wangapi.

Akasema hajauliza.